Dakika Tatu Bila Neno: Kanye West Alivyofanya Kazi Akiwa Amechukiwa

Usiku wa tarehe 13 Septemba 2009, katika ukumbi wa Radio City Music Hall jijini New York, Taylor Swift alikuwa akishukuru kwa tuzo ya MTV ya video bora ya msanii wa kike. Alikuwa na miaka 19. Kanye West akapanda jukwaani, akamnyang'anya kipaza sauti, akautangazia ukumbi kwamba video ya Beyoncé ilikuwa miongoni mwa video bora kabisa kuwahi kutengenezwa. Akazomewa. Siku chache baadaye hata Rais Obama alinaswa akimtukana katika mazungumzo ambayo hayakukusudiwa kutangazwa, na ziara aliyopanga kufanya na Lady Gaga ikafutwa. Haukupita mwaka na nusu, mtu huyohuyo akatoa My Beautiful Dark Twisted Fantasy, na wahakiki waliokuwa wamemchoka wakaiita albamu bora ya mwaka.

Maelezo ya haraka ambayo hutolewa mtaani ni kwamba alitafuta kiki, akaipata, akauza. Siyakubali. Kiki inaweza kukupa masikio ya watu kwa wiki moja, lakini haikwambii uanze wimbo kwa noti gani, wala ngoma iingie sekunde ya ngapi. Mimi nataka kuuliza swali la kifundi: mtu anayezomewa na nchi nzima anafanya nini studio ili haohao wanaomzomea wakae wamsikilize dakika tisa? Jibu nalitafuta katika albamu tatu, 808s & Heartbreak ya 2008, hiyo ya 2010, na Yeezus ya 2013. Katika zote tatu, kitu alichokifanyia kazi kuliko kingine chochote ni sauti yake mwenyewe.

Kufikia 2007 alikuwa juu. Albamu yake ya tatu, Graduation, ilitoka siku moja na ya 50 Cent na kuishinda kwa mauzo, nakala kama 957,000 kwa wiki ya kwanza. Novemba mwaka huohuo mama yake, Donda West, aliyekuwa profesa wa Kiingereza Chicago, alifariki siku moja baada ya upasuaji wa urembo. Miezi michache baadaye uchumba wake ukavunjika. Alipokwenda kurekodi tena, Honolulu na California, aliweka pembeni karibu kila kilichompa jina. Sampo za muziki wa soul alizokuwa akizipandisha kasi hadi sauti za waimbaji zikawa nyembamba kama za watoto ziliondoka. Kuchana mistari nako kukaondoka. Kazi ilimalizika kwa wiki chache, na ilipotoka Novemba 2008 alikuwa anaimba.

Vifaa viwili ndivyo vilivyoibeba albamu hiyo. Cha kwanza kimo katika jina lake: Roland TR-808, mashine ya ngoma ya Kijapani iliyotengenezwa kati ya 1980 na 1983, kisha ikasimamishwa baada ya kuuzwa kama 12,000 tu. Ndani yake hamna rekodi ya ngoma halisi. Mlio unazaliwa na saketi, na ngoma yake ya chini ina mkia mrefu ambao fundi anaweza kuurefusha na kuupangia noti. Ngoma moja hivyo inafanya kazi mbili, inapiga mdundo na inaimba besi. Sikiliza Love Lockdown kwa spika nzuri. Ubeti wa kwanza karibu wote ni sauti yake na pigo hilo la chini, lenye mwendo wa moyo. Piano inachelewa, na ngoma nzito zinakuja kwenye kiitikio peke yake. Nafasi hiyo iliyoachwa tupu ilitaka ujasiri, kwa sababu mwaka 2008 redio za Marekani zilikuwa zimejaa biti zilizoshonwa kila pengo.

Wimbo huo ulipotangulia kusikika, mashabiki wake wenyewe walilalamika. Alirudi studio, akaimba upya na kuongeza ngoma kubwa za Kijapani ziitwazo taiko. Hilo nalitaja kwa sababu ndiyo tabia yake ya miaka hiyo: lawama ikija, aliipeleka kwenye meza ya kuchanganyia muziki.

Kifaa cha pili ni Auto-Tune, na hapo ndipo ugomvi ulipokuwa. Programu hii ilitoka 1997, kazi ya mhandisi Andy Hildebrand ambaye kabla ya hapo alitumia hesabu za mawimbi kutafuta mafuta chini ya ardhi. Inapima noti anayoimba mtu, kisha inaivuta hadi noti sahihi iliyo karibu. Ukiipa muda wa kuvuta, msikilizaji hatambui kitu. Ukiuondoa muda huo kabisa, sauti haitelezi tena kutoka noti moja kwenda nyingine, inaruka kwa vipande kama mtu anayepanda ngazi. Cher alishalifanya hilo mwaka 1998, na T-Pain akalifanya utambulisho wake kuanzia 2005. Wapenzi wa hip hop walimwona Kanye kama mtu aliyekimbilia mtindo wa mwingine kuficha kwamba hajui kuimba. Jay-Z, kaka yake katika muziki, mwaka uliofuata alitoa wimbo mzima wa kutangaza kifo cha Auto-Tune, na prodyuza wake alikuwa No I.D., mlezi wa Kanye tangu Chicago ambaye alikuwa na mkono pia katika 808s.

Hajui kuimba, ni kweli. Ila sikia kinachotokea sauti yake inapopita humo. Mtu mwenye msiba sauti humtetemeka, na mtetemo ndio kitu cha kwanza ambacho programu hiyo inakifuta. Kinachobaki ni pumzi, mikwaruzo ya koo, na mstari wa muziki ulionyooka kupita kiasi. Katika Coldest Winter, wimbo aliomwimbia mama yake kwa kuazima melodia ya kundi la Uingereza la Tears for Fears, unamsikia mtu akitaka kulia na mashine ikimkatalia. Studio nyingi za Dar es Salaam na Nairobi zimeizoea Auto-Tune kama kipodozi cha kulainisha sauti. Yeye aliitumia kinyume, ili sauti ionekane imeumia. Na pale Say You Will inapoishiwa na maneno, kwaya na milio midogo ya mashine inaendelea muda mrefu bila yeye. Drake aliichukua biti hiyohiyo kwenye So Far Gone, Februari 2009, na nusu ya wasanii wa kizazi kilichofuata wakaingilia mlango huo.

Kisha likaja lile la Swift. Kanye aliondoka Marekani kwa muda, akapita Japani na Roma, halafu akarudi Honolulu kwenye studio za Avex. Safari hii alikodi vyumba vyote na kuviacha wazi usiku na mchana. Akishindwa na wimbo mmoja alihamia chumba cha pili, na usingizi ulikuwa wa kuiba kwenye kochi. Aliwaita RZA, Pete Rock, Q-Tip, No I.D., Mike Dean, Jeff Bhasker, Pusha T, Nicki Minaj, Rick Ross, na Justin Vernon wa Bon Iver, mzungu wa Wisconsin ambaye hakuna aliyetegemea kumkuta hapo. Ukutani kulibandikwa masharti, mojawapo likikataza kuandika Twitter. Gharama inatajwa kufika dola milioni 3.

Ikiwa 808s ilijengwa kwa kuacha nafasi, hii ilijengwa kwa kurundika. All of the Lights ina waimbaji zaidi ya kumi, wakiwamo Rihanna, Elton John na Alicia Keys, na wengi wao huwezi kuwatambua. Msanii mwingine angetumia majina hayo kwa matangazo, ampe kila mmoja ubeti wake. Hapa yamesagwa pamoja hadi yakawa rangi moja ya sauti. Devil in a New Dress ilitolewa kwanza bure, katika nyimbo alizokuwa akizitoa kila Ijumaa kuanzia Agosti 2010. Ilipofika kwenye albamu ilikuwa imeongezwa gitaa refu la Mike Dean na vesi ya Rick Ross. Hizo Ijumaa zilikuwa na akili nyingi kuliko mahojiano yoyote. Watu waliomkasirikia walipewa wimbo kila wiki, bila kuombwa wamsamehe.

Lakini kazi yenyewe ni Runaway. Inaanza na noti moja ya piano, juu kabisa, ikigongwa peke yake, tena na tena, mpaka unaanza kujiuliza kama kuna kilichoharibika. Noti za chini zinashuka taratibu. Ngoma zikiingia zinakuja na sauti ya Rick James iliyokatwa kutoka tamasha lake la Long Beach la 1981, mtu wa jukwaani akiita watazamaji wake. Juu ya hapo Kanye anaimba kiitikio cha kuwainulia glasi watu wabaya, yeye akiwa wa kwanza, na kumshauri mwanamke amkimbie. Pusha T amesimulia kwamba Kanye alimrudisha kuandika upya vesi yake mara kadhaa, akitaka iwe ya kiburi zaidi, ya mtu asiyebebeka. Hapo pana siri ya wimbo. Kiitikio kinakiri, vesi ya mgeni inakanusha, na msikilizaji anaachwa katikati. Kama Pusha T angeruhusiwa kuwa muungwana, kiitikio kingegeuka barua ya msamaha ya kawaida, na barua za namna hiyo Kanye alikwisha kuziandika mwaka 2009 bila faida.

Wimbo unaweza kuishia dakika ya sita. Hauishi. Zinafuata kama dakika tatu ambamo sauti yake imepitishwa kwenye upotoshaji mzito kiasi kwamba hakuna neno hata moja linalosikika, huku nyuzi za selo zikienda chini yake. Unatambua ni binadamu, unatambua anasema jambo refu lenye vituo na msisitizo, na hulipati. Ukaribu wake na gitaa la umeme si wa bahati mbaya: linapiga solo ambayo katika wimbo wa roki ingekuwa ya ushujaa. Hapa anayepiga ni mtu aliyeponzwa na mdomo wake mbele ya mamilioni, na ameuondolea mdomo huo maneno. Sijasikia katika rap ombi la radhi lililofikiriwa kwa undani kuliko hilo. Aliupiga hadharani kwa mara ya kwanza tarehe 12 Septemba 2010, kwenye sherehe zilezile za MTV, amevaa suti nyekundu, akibonyeza noti ile ya kwanza kwenye MPC, mashine ya sampo, iliyosimamishwa peke yake katikati ya jukwaa. Swift naye aliimba usiku huo.

Kiki zilikuwapo, nisiwafiche. Oktoba 2010 alitangaza kwamba jalada la albamu, mchoro wa George Condo wenye mwili wa utupu, limepigwa marufuku na maduka, na Walmart wakasema hawakulikataa. Video ya Monster, yenye miili ya wanawake weupe ikining'inia kwa minyororo, ilivuja na kuletewa malalamiko ya haki kabisa. Hayo hayakuongeza hata noti moja kwenye muziki.

Yeezus, Juni 2013, ilirudi kwenye kupunguza, ila kwa hasira. Daft Punk walihusika katika nyimbo kama On Sight na Black Skinhead. Zikiwa zimebaki siku kama 15 kabla ya kukabidhi kazi, Kanye alimpelekea Rick Rubin rundo la muziki lenye saa kadhaa na kumwomba asaidie kukata. Rubin ameeleza jinsi Bound 2 ilivyokuwa na muziki laini wa kutosha kabla ya wao kuung'oa, wakaacha sampo kavu, na kwenye kipande cha kati besi ya noti moja. CD haikuwa na jalada, ni kasha la plastiki linaloonyesha ndani na kipande cha stika nyekundu.

Ugomvi wa albamu hii uliokwenda ndani ya muziki wenyewe ni wa Blood on the Leaves. Alichukua sauti ya Nina Simone ikiimba Strange Fruit, wimbo wa Abel Meeropol kuhusu Wamarekani weusi walionyongwa na kuning'inizwa mitini, akaukata vipandevipande na kuutegeshea tarumbeta za kundi la TNGHT, kisha juu yake akasimulia mapenzi yaliyovunjika na gharama za mwanamke wa pembeni. Kifundi ni kazi ya kutisha. Tarumbeta zile zikilipuka mwili unashtuka kabla akili haijafika. Hata hivyo nawaunga mkono waliokasirika. Kwenye Runaway kila uamuzi ulibeba uzito wa jambo linalosemwa. Hapa uzito umeazimwa kutoka kwa wafu wa watu wengine, na mistari iliyowekwa juu yake haikuustahili.

Wengi Afrika Mashariki wanamfahamu zaidi kwa habari kuliko kwa albamu: Oktoba 2018 akiwa Uganda akimpa Rais Museveni viatu, au 2022 alipowatukana Wayahudi mpaka Adidas wakavunja mkataba. Matusi hayo ni mabaya, na hakuna ufundi unaoyafuta. Ila dalili ya kwamba kazi na ugomvi vimeachana ilikuwa imeshasikika mapema, Februari 2016, kwenye The Life of Pablo. Katika Famous alimrudia Swift kwa mstari mchafu mwanzoni kabisa mwa vesi, akidai yeye ndiye aliyempa umaarufu. Hakukuwa na noti ya kuungojea wala sauti ya kuujibu. Ulirushwa mbichi, na miaka minne ikapotea kwenye mabishano ya simu iliyorekodiwa kati yao, hadi rekodi ndefu ya Machi 2020 ilipoonyesha kwamba Swift hakuwa ameambiwa neno lile la tusi. Wimbo huohuo, ukivuka vesi zake, unafungua sauti ya Sister Nancy wa Jamaika kutoka Bam Bam ya 1982, ikiwa imekatwa na kupangiwa muziki mpya, na kwa dakika nzima ni miongoni mwa vitu vizuri kabisa ambavyo Kanye West amewahi kuvitengeneza. Kipande hicho huzungumziwa kidogo kuliko mstari ule.