Wimbo Ulipoingia Kitabuni

Wasomaji wa jarida letu mnanijua kwa hadithi fupi, si kwa uhakiki. Uhakiki niliuacha Kidato cha Nne, ule wa "jadili fani na maudhui kwa kutoa mifano", na alama nilizopata si za kusimulia hapa. Ila safari hii nimekutana na kitabu kilichoninyima usingizi, nami jambo likinikaa rohoni huwa sinyamazi.

Kitabu kinaitwa The Song Poet, cha Kao Kalia Yang, kilichotoka Marekani mwaka 2016. Nilikiokota kwenye vitabu vya mitumba, chini kabisa ya rundo, kwa bei ya sahani ya chipsi mayai. Kiingereza changu ni cha kuvizia, kwa hiyo nilikisoma wiki tatu, kamusi mkononi.

Kwanza tuelewane kuhusu watu wenyewe. Wahmong ni watu wa milimani, kusini mwa China, Vietnam, Laos na Thailand. Wakati wa vita vya Vietnam, CIA iliwapa silaha Wahmong wengi wa Laos wapigane chini ya Jenerali Vang Pao. Vita vile viliitwa vya siri, ingawa waliokufa hawakufa kwa siri. Mwaka 1975 Wamarekani wakaondoka, jenerali akapandishwa ndege, raia wakaachwa wajionee wenyewe. Maelfu walijificha msituni, wakavuka Mto Mekong, wengine kwa kushikilia mianzi, wakaingia kwenye kambi za Thailand. Kambi moja kubwa ilikuwa Ban Vinai, iliyofungwa mwaka 1992. Kutoka huko wakatawanyika: wengi Minnesota, Wisconsin na California, wengine Ufaransa na Australia, hata Guyana ya Kifaransa, ambako mwaka 1977 walianzisha kijiji cha Cacao wakalima mboga.

Mwandishi wetu alizaliwa Ban Vinai mwaka 1980, akafika Minnesota mwaka 1987. Baba yake, Bee Yang, ni mtunzi na mwimbaji wa kwv txhiaj, yaani ushairi wa kuimbwa wa Kihmong. Herufi hizo zisikutishe. Mwandiko huu wa Kilatini ulitungwa na wamisionari huko Laos mwanzoni mwa miaka ya 1950, na konsonanti ya mwisho wa neno haitamkwi. Ni alama ya toni tu. Na toni ndiyo roho ya lugha yenyewe. Neno ukilipandisha ni kitu hiki, ukilishusha ni kitu kingine kabisa. Ndiyo maana ala yao ya qeej, yenye mabomba sita ya mianzi, inaweza kusema. Mpigaji hapigi mdundo wa kuchezea tu. Sauti zake ni maneno, na kwenye msiba anazungumza na marehemu mwenyewe.

Sasa niambieni, jamani. Hayo utayaingizaje kwenye Kiingereza?

Bee Yang alifiwa na baba akiwa mdogo. Binti anasimulia kwamba mtoto huyo alikuwa akipita nyumba hadi nyumba akikusanya maneno mazuri ambayo majirani waliambiana, akawa anajinong'onezea peke yake ili ajiliwaze. Huo ndio mwanzo wa ushairi wake. Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikatoka nje kwanza. Sisi tunaojiita waandishi tunasubiri ufunuo, tunalalamika kwamba hakuna wachapishaji, na kumbe kuna mtu alianza kazi kwa kuokota maneno barazani kwa watu.

Baadaye, Marekani, mzee akawa mfanyakazi wa kiwandani. Mwaka 1992 akatoa kanda ya nyimbo zake. Kisha mwaka 2003 mama yake akafariki, na mzee akaacha kuimba. Binti amekipanga kitabu kama kanda ile, kina upande A na upande B. Mpango huo nimeupenda mno, kwa sababu anayesoma anajua tangu mwanzo kwamba ameshika kitu kilichotakiwa kusikilizwa.

Lakini si kila kitu nimekipenda, na nisingekuwa mkweli nikiishia kwenye sifa. Kuna sura ambazo binti anasema "mimi" akimaanisha baba yake. Sina ugomvi na mbinu hiyo. Tatizo ni kwamba huyo "mimi" wa baba anazungumza Kiingereza kilekile laini cha binti. Njaa, vita, theluji, mashine za kiwandani, vyote vimepakwa asali ileile, mpaka unaanza kutamani mzee akohoe, aseme kitu cha kipuuzi, atukane hata mara moja. Na nyimbo zenyewe, zile zinazojengwa kwa mishororo inayokwenda jozi jozi, vina vikiitana, zinafika kwetu kama maelezo mazuri kuhusu nyimbo. Ukungu upo, milima ipo, ila sauti imebaki ng'ambo.

Ninaona kile kitabu chake cha kwanza, The Latehomecomer cha mwaka 2008, kinalimudu jambo hili vizuri zaidi, pengine kwa sababu hakijaribu kuimba. Humo anaeleza maziko ya bibi yake. Wahmong wana wimbo wa msiba uitwao qhuab ke, wa kumwonyesha marehemu njia. Roho inarudishwa nyuma, mahali hadi mahali, kila alipopata kuishi, mpaka pale alipozaliwa, palipozikwa kondo lake la nyuma. Hebu fikirini kazi ya mwimbaji wa wimbo huo mjini St. Paul. Lazima ataje nyumba za Minnesota, avuke bahari, apite kambi za Thailand, avuke tena ule Mekong waliouvuka wakikimbia, ndipo apande milima ya Laos. Wimbo wa mababu umelazimika kumeza majina ya mitaa ya Marekani. Mwandishi haupambi. Anafuata safari tu, na mie nikawa nahesabu vituo kama niko ndani ya daladala ninayoogopa ifike mwisho.

Nimelisoma jambo hilo nikakumbuka zile nguo zao za kutarizi, paj ntaub. Zile zenye picha za watu wanakimbia, ndege zinarusha mabomu, familia ziko majini, watu wengi hudhani ni mila ya kale. Utarizi wa maua na mapambo ni wa kale kweli. Nguo za picha za mkasa zilizaliwa kwenye kambi za wakimbizi, miaka ya 1970, na zilishonwa ziuzwe kwa wageni. Yaani kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya kupata hela ya chakula ndicho kimekuwa kumbukumbu yao ya vita! Wale wanaotuhubiria kwamba mila ikiguswa na soko imekufa waende wakaziangalie nguo hizo.

Jina hilohilo vijana walilipa jarida lao. Paj Ntaub Voice lilianzishwa huko Minnesota mwaka 1994 na Mai Neng Moua, binti aliyekuwa bado katika miaka ya ishirini, kama sisi tu. Mwaka 2002 akahariri Bamboo Among the Oaks, mkusanyiko wa kwanza wa waandishi wa Kihmong wa Marekani. Wakati huo kitabu kilichojulikana zaidi kuhusu watu wake kilikuwa cha mgeni, Anne Fadiman, cha mwaka 1997, kuhusu mtoto mwenye kifafa na madaktari wa California. Kitabu kile kinasifiwa, na kwa haki. Ila vijana wa Mai Neng Moua walichoka kuwa wagonjwa ndani ya kitabu cha mtu mwingine.

Nimebishana na mwenzangu mmoja wa kikundi chetu, ambaye anashikilia kwamba kuandika ni kuokoa: ukishaliweka neno kwenye karatasi, basi, limepona. Wahmong wenyewe wana hadithi kwamba zamani walikuwa na kitabu chao kikapotea, wengine husema kwa kuvuka mto, wengine husema kililiwa na farasi. Mwaka 1959 mkulima asiyejua kusoma, Shong Lue Yang, aliwatungia mwandiko wao wenyewe unaoitwa Pahawh, na mwaka 1971 akauawa. Kwa hiyo sidharau maandishi, watu wameyafia. Ninachobisha ni hilo neno kuokoa. Kao Kalia hakuuokoa wimbo wa baba yake. Alichookoa ni baba, na nadhani yeye mwenyewe analijua hilo kuliko wanaomsifu kwenye jalada la nyuma.

Kwa nini jambo hili linanichoma? Riwaya yangu, ambayo wengine mmeisikia nikiisoma vipande, inaanza na hadithi ya bibi. Bibi ni Mmatengo wa Mbinga, mimi ni wa Mbagala, na Kimatengo changu kinaishia kwenye salamu. Hadithi yake ina wimbo katikati, unarudi mara tatu, kila mara na badiliko dogo. Mie nilitoa wimbo nikaweka aya moja ya Kiswahili kizito, nikajiona fundi. Siku nikamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, akakunja khanga yake, akaniuliza, "Sasa mjukuu wangu, wimbo umeuweka wapi?"

Nikamwambia umo, ndani ya maneno. Akacheka. Hakucheka vibaya, lakini alicheka.

Sura hiyo nimeitoa. Jumapili mbili sasa anaimba na mimi naitikia, nakosea, anarudia. Riwaya imesimama ukurasa wa kwanza. Kitabu cha Kao Kalia Yang kipo kwangu, mwenye kukitaka aje akichukue, ila akirudishe na jalada lake.