Katalogi ya Maktaba ya Taifa na Maandishi ya Kiswahili

Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa mjini Dar es Salaam na Rais Julius Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, miaka minne baada ya kutungwa kwa sheria ya mwaka 1963 iliyounda Bodi ya Huduma za Maktaba Tanganyika. Mapema mwaka ule ule, katika mwezi wa Januari, serikali ilikuwa imekwisha kutangaza kwamba shughuli zake ziendeshwe kwa Kiswahili. Kwa hiyo nyumba ya vitabu vya taifa na lugha ya taifa zilipata heshima zao katika mwaka mmoja. Ingetazamiwa kwamba kila moja ingemtumikia mwenzake. Yafaa kuchunguza ni kwa kiasi gani jambo hilo limetimia, na mahali pa kuchunguzia ni katalogi, wala si rafu.

Aghalabu habari za maktaba hutolewa kwa hesabu: vitabu vilivyoingia, wasomaji waliofika, matawi yaliyofunguliwa mikoani. Hesabu za namna hiyo zina manufaa yake, walakini hazimjibu mtafiti wa lugha. Yeye huuliza maswali mengine. Je, kitabu kilichomo humu chaweza kupatikana na mtu asiyejua kwamba kimo? Je, maandishi yote ya mtunzi mmoja yamekusanywa chini ya jina moja? Je, utenzi uliochapishwa mara tatu kwa majina matatu unatambulikana kuwa ni utenzi mmoja? Kitabu kisichopatikana katika katalogi ni sawa na kitabu kisichokuwapo, hata kikiwa kimetunzwa vizuri na kufutwa vumbi kila siku. Kwa sababu hiyo katalogi si kazi ndogo ya ofisini. Ni maelezo ya fasihi nzima, na mwenye kuyaandika anatoa hukumu za kitaalamu, apende asipende.

Msingi wa hazina ya maktaba ya taifa ni sheria inayomtaka mchapishaji kuleta nakala za kila anachochapa. Wajibu huo uliendelezwa na sheria ya mwaka 1975, ambayo ilichukua mahali pa ile ya 1963. Tunda la mapema la wajibu huo lilikuwa orodha ya machapisho ya mwaka 1969, na wale walioitayarisha wanastahili shukrani, kwa kuwa waliwawezesha wasomaji kuona kwa mtazamo mmoja kazi ya mwaka mzima ya mitambo ya uchapaji nchini. Lakini orodha hiyo ilitoka kwa jina la Kiingereza, Printed in Tanzania, na maelezo yake yalitaja machapisho ya Tanzania Bara tu, yaliyopelekwa katika Huduma za Maktaba Tanganyika na katika maktaba ya Chuo Kikuu. Jina lake laweza kusameheka, maana vitabu vya kanuni za ukutubi vilikuwa vya Kiingereza na wakutubi walifunzwa kwa Kiingereza. Upungufu wa pili ni mzito zaidi. Lahaja ya Kiunguja ndiyo iliyofanywa msingi wa Kiswahili sanifu. Orodha inayoiacha Unguja nje humpa mtafiti wa lugha picha ya mti usioonyeshwa shina lake. Kila anayetumia orodha za miaka ile kuhesabu machapisho ya Kiswahili hana budi kulikumbuka pengo hilo kabla ya kutoa uamuzi wowote.

Jambo la pili ni jina la mtunzi. Katika kanuni za ukutubi zilizoenea duniani, jina la mwisho la mtu hutangulizwa, kisha huja alama ya mkato, kisha jina lake mwenyewe. Kanuni hiyo ilitokana na desturi za Ulaya, ambako jina la mwisho ni la ukoo. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, aliandika pia jina lake kama Shaaban bin Robert. Yaani Robert ni baba yake. Kanuni ikifuatwa bila kufikiri, mshairi huyo hupelekwa kwenye herufi ya R, na kazi zake huwekwa chini ya jina la mzee wake. Katika bibliografia mbalimbali maumbo yote mawili huonekana: hapa Robert, kule Shaaban. Mwanafunzi anayeanza kusoma hudhani kwamba amemaliza kazi, kumbe ameona nusu.

Taabu huzidi kwa watunzi wa zamani. Mashairi ya Muyaka wa Mombasa yalichapwa mwaka 1940 katika kitabu kinachomtaja kuwa Muyaka bin Haji al-Ghassaniy. Je, atafutwe katika M, au H, au G, au hata A kwa sababu ya kile kiambishi cha Kiarabu? Waswahili hawana shaka: yeye ni Muyaka. Mwana Kupona naye ametajwa kwa neno la heshima lililoshikamana na jina lake hata yakawa kitu kimoja. Wengine huyaandika kwa maneno mawili, wengine kwa neno moja, na katika mpangilio wa alfabeti nafasi hiyo ndogo yaweza kuyatenganisha. Isitoshe, mawaidha yake yalichapwa mwaka 1934 katika kitabu chenye jina la Kiingereza. Mkutubi anayenakili jina la jalada na kuishia hapo humzuia msomaji wa Kiswahili asiufikie utenzi wa Kiswahili.

Lakini haifai kusema kwamba desturi ya kutanguliza jina la mwisho ni mbaya daima. Mwandishi wa Rosa Mistika, riwaya iliyotoka mwaka 1971, wasomaji humwita Kezilahabi. Kwa hiyo kumweka katika K ni kufuata usemi wa watu. Kwa hiyo haitoshi kuitupa kanuni moja na kuweka nyingine iliyo kinyume chake. Katika Kiswahili zimo desturi kadhaa za majina, kila moja ikiwa na watu wake, zama zake na mwambao au bara yake. Kinachotakiwa ni kuamua kwa kila mtunzi, kwa ushahidi wa jinsi alivyojiita na jinsi alivyoitwa na waliomsoma.

Hapa ndipo lawama inapogeuka na kuwarudia wataalamu wa Kiswahili wenyewe. Mkutano wa kimataifa wa kanuni za katalogi uliofanyika Paris mwaka 1961 ulikubali kwamba neno la kutangulizwa katika jina la mtunzi lifuate desturi inayokubaliwa katika nchi ambayo yeye ni raia wake, na jambo hilo lisipowezekana, desturi ya lugha anayoitumia kwa kawaida. Kanuni za kimataifa zilizotolewa mwaka 2009 zilichukua mahali pa zile za Paris, lakini mlango ulikuwa umekwisha kufunguliwa mapema, na aliyepewa ufunguo ni taifa lenyewe. Mkutubi wa London au Washington aulizapo desturi ya Waswahili ni ipi, anastahili kujibiwa na wajuzi wa lugha. Asipopata jibu hutumia desturi yake, na hapo hana kosa.

Jambo la tatu ni majina ya tungo. Utungo mrefu juu ya vita vya Mtume na Herekali, mfalme wa Rumi, uliotungwa na Mwengo wa Athumani, ni miongoni mwa tungo za kale zenye hati iliyoandikwa tarehe. Nakala iliyoko Hamburg ni ya mwaka 1728. Utungo huu huitwa Utenzi wa Tambuka, tena Utendi wa Tambuka, tena Chuo cha Herekali. Tofauti ya utenzi na utendi ni tofauti ya matamshi ya kusini na kaskazini, na kila mwanafunzi wa lahaja huijua. Alfabeti haiijui. Kati ya utendi na utenzi zaweza kuingia kadi nyingi, na chuo kikawa mbali kabisa na vyote viwili. Dawa yake ni jina moja la kukutanishia, nalo liwe na rejeo kutoka kila jina lingine. Kulichagua jina hilo ni kazi ya mhakiki wa maandishi, kwa kuwa ni lazima kwanza ithibitishwe kwamba nakala hizo ni za utungo mmoja wala si tungo mbili zenye habari moja.

Jambo la nne ni uainishaji. Mfumo wa Dewey, uliochapwa kwa mara ya kwanza mwaka 1876, uliipa fasihi ya Kiingereza namba 820, ya Kijerumani 830, ya Kifaransa 840. Fasihi nyingi za Afrika zimetiwa katika 896, ndani ya fungu la fasihi nyinginezo, na Kiswahili kimepewa 896.392. Mfumo wa Maktaba ya Bunge la Marekani nao unakiweka Kiswahili katika PL8701 na kuendelea, katika fungu moja na lugha za Asia ya Mashariki na za visiwa vya Pasifiki. Wako wanaoona tusi katika namba hizo. Hasira hiyo inaeleweka, lakini haifai kumshughulisha mtaalamu kwa muda mrefu, maana namba ni anwani tu, na nyumba yaweza kupatikana hata kama barabara yake imepewa jina baya. Hasara iliyo kubwa zaidi imo ndani ya anwani hiyo. Ushairi wote ni tarakimu moja: utenzi, shairi, wimbo na tumbuizo hukaa pamoja bila alama ya kuzitenga. Kadhalika alama ya lugha inayotumiwa na maktaba nyingi, swa, haibagui Kiamu na Kimvita, wala Kiunguja na Kingwana cha Kongo. Mtafiti atakaye kuona maandishi ya Kiamu peke yake hawezi kuiuliza katalogi swali hilo, maana katalogi haikufundishwa kulijibu. Lakini hakuna sheria inayomkataza mkutubi kuongeza maneno mawili katika maelezo ya kitabu: lahaja fulani, bahari fulani.

Mfano wa kazi iliyofanywa kwa uangalifu uko karibu. Halmashauri ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, na baadaye Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili, zilisaidia kukusanya miswada ya pwani, na katalogi ya miswada na kanda za maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyotayarishwa na J. W. T. Allen, ilichapwa Leiden mwaka 1970. Hazina hiyo iko Chuo Kikuu, si Maktaba ya Taifa, na mgawanyo huo wafaa kufahamika: sheria ya nakala huvua vitabu vilivyopigwa chapa, nayo sehemu kubwa ya ushairi wa Kiswahili iliishi katika mkono na katika kifua. Mtafiti anayeingia katika nyumba moja na kutosheka atakosea. Lililo la kusikitisha ni kwamba katalogi za nyumba hizi hazikutungwa ili zisomwe kama kitabu kimoja.

Kutokana na hayo yote huonekana nafasi tatu za utafiti, na hakuna hata moja inayohitaji jengo jipya. Ya kwanza ni daftari la majina ya watunzi wa Kiswahili, likionyesha jina la kutangulizwa, majina mengine yote, na ushahidi wake. Ya pili ni daftari la tenzi kwa majina yake mbalimbali, pamoja na mahali palipo na nakala zake. Ya tatu ni fahirisi ya mashairi yaliyotoka magazetini. Mambo Leo lilianza mwaka 1923 na likawa uwanja wa washairi, Shaaban Robert akiwa mmoja wao. Lakini kwa katalogi gazeti zima ni jina moja, na mamia ya tungo zilizomo hazina mahali pa kutajwa. Mwanafunzi mmoja wa shahada ya pili, akipewa miaka michache ya gazeti hilo, aweza kutoa mchango utakaotumiwa na wengi baada yake.

Huenda ikajibiwa kwamba wakutubi ni wachache na fedha ni haba. Jibu hilo ni la kweli, ila halihusu kazi hii. Mkutubi hakosi maarifa ya kutayarisha kadi. Anachokosa ni uamuzi wa mjuzi wa lugha juu ya mambo ambayo kadi inamlazimisha kuyaamua. Idara za Kiswahili zimetumia miaka mingi kusanifu msamiati wa kila fani, na zimefanya vema. Ni ajabu kwamba hazijakaa na wakutubi kusanifu majina ya watunzi wao wenyewe. Daftari la majina hamsini, likikubaliwa na pande zote mbili na kupelekwa kwa maktaba za nje zinazokusanya vitabu vya Kiswahili, hasa ofisi ya Maktaba ya Bunge la Marekani iliyoko Nairobi tangu mwaka 1966, lingerekebisha mengi kuliko malalamiko ya miaka hamsini.

Maktaba ya Taifa imetimiza sehemu yake ya kwanza: imekusanya. Sehemu ya pili, ya kuyaeleza yaliyokusanywa kwa namna inayolingana na lugha yake, haiwezi kuifanya peke yake. Mpaka itakapofanywa, kijana atakayemtafuta Shaaban katika herufi ya Sh ataondoka mikono mitupu, naye ndiye aliyetafuta mahali pa haki.