Pointi kwa Kila Hatua: Ufundi wa Programu za Mazoezi

Mkazi wa Shauri Moyo anayefanya kazi Industrial Area hahitaji simu imwambie atembee. Nauli ya matatu humwambia. Mtaa huu ulijengwa mwishoni mwa miaka ya 1930, serikali ya kikoloni ilipobomoa kijiji cha Pangani na kuwahamishia huku wakazi wake Waafrika, na tangu hapo maisha yake yamezunguka mahali pa kufikiwa kwa miguu: Gikomba, soko la Burma, wahunzi wa jua kali wa Kamukunji, City Stadium kando ya Jogoo Road. Tafiti za usafiri zimekuwa zikionyesha kwamba karibu safari 4 kati ya 10 jijini Nairobi hufanywa kwa miguu.

Kwa nini basi mtu mzima wa Eastlands apakue programu ya kumpongeza kwa kutembea?

Jibu limo katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza. Ni asilimia 6.5 tu ya Wakenya wazima waliokutwa hawafikishi kiwango cha mazoezi kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, ilhali makadirio ya dunia nzima yaliyochapishwa 2018 yalifikia asilimia 27.5. Lakini uchunguzi huohuo wa Kenya uligundua kwamba asilimia 27 ya watu wazima walikuwa na uzito uliozidi, na kwa wanawake idadi ilipanda hadi asilimia 38.5. Hamali wa Gikomba anamaliza jasho lake kabla ya saa nne asubuhi. Mwenye duka la M-Pesa, karani, dereva na mwalimu aliyestaafu hawatoki jasho kama lake, na hao ndio programu za mazoezi zinaowawinda.

Silaha yao ya kwanza ni namba. Lengo la hatua 10,000 kwa siku halikutoka maabara. Lilitoka kwa kampuni ya Yamasa ya Japani, iliyouza kifaa cha kuhesabu hatua mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Tokyo, na kukipa jina la "kipima hatua elfu kumi" kwa sababu lilivutia wanunuzi. Utafiti wa mwaka 2019 kwa wanawake wazee wa Marekani ulionyesha kwamba hatari ya kufa ilianza kupungua kwa waliofikisha takriban hatua 4,400, na faida ikaacha kuongezeka walipokaribia 7,500. Kwa mtengenezaji wa programu, hata hivyo, namba inayokumbukwa kirahisi ina thamani zaidi kuliko namba sahihi.

Kuhesabu kwenyewe hufanywa na kihisi kidogo kinachopima mtikisiko. Simu za Android zilipata uwezo rasmi wa kuhesabu hatua kwa kihisi hicho bila kumaliza betri kuanzia toleo la 4.4 la mwaka 2013. Kihisi husoma mdundo wa mwili, si uzito wa kazi. Mtu anayesukuma mkokoteni wa magunia ya viazi kupanda kilima huhesabiwa sawa na anayetembea mikono mitupu, na pengine chini yake, kwa kuwa hatua zake ni fupi na nzito. Bodaboda inayorukaruka kwenye mashimo nayo inaweza kumwongezea abiria hatua asizozipiga.

Baada ya namba huja pointi, na hapa ndipo ufundi ulipo hasa. Wakenya walishazoezwa mchezo huu tangu Januari 2007, Safaricom ilipoanzisha Bonga Points na kumpa mteja pointi 1 kwa kila shilingi 10 alizotumia. Wengi walizikusanya bila kuziangalia kwa miaka. Mwishoni mwa 2022 kampuni ilipotangaza kwamba pointi zilizopita miaka 3 zingefutwa, waliozisahau wakakumbuka ghafla kuwa ni mali yao. Mpango huo ulisitishwa baadaye, lakini ulikuwa umeshafichua jambo ambalo Daniel Kahneman na Amos Tversky walilieleza mwaka 1979: mtu huumia zaidi kupoteza kitu kuliko anavyofurahi kukipata.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliligeuza wazo hilo kuwa programu ya kutembea. Katika jaribio lililochapishwa 2017, watu wazima 200 kutoka familia 94 za Framingham, Marekani, walifuatiliwa hatua zao. Familia zilizowekwa kwenye mchezo hazikuanza wiki na sifuri. Kila Jumatatu zilipewa pointi 70. Kila siku mwanafamilia mmoja aliteuliwa kwa bahati nasibu. Kama jana yake alitimiza lengo, pointi zilibaki, na kama hakutimiza, familia nzima ilipoteza 10. Juu ya hapo kulikuwa na ngazi za kupanda na kushuka, kutoka shaba hadi platinamu. Hakuna aliyelipwa kwa pointi hizo. Walio kwenye mchezo walitimiza lengo katika asilimia 53 ya siku, wenzao wasiocheza asilimia 32.

Tazama jinsi vipande vilivyopangwa. Jumatatu hufuta aibu ya wiki iliyopita. Bahati nasibu huzuia mtu kujificha nyuma ya mwanafamilia mwenye bidii, maana hakuna ajuaye zamu ni ya nani. Na anayelala kitandani hapotezi pointi zake peke yake. Anapoteza za mama na kaka.

Jaribio jingine la watafiti hao, lililochapishwa 2019, liliuliza ni uhusiano gani kati ya wachezaji unaofanya kazi zaidi. Wafanyakazi 602 wa Deloitte waliokuwa na uzito uliozidi waligawanywa katika makundi kwa wiki 24: wengine waliungwa mkono na ndugu au rafiki, wengine walishirikiana, wengine walishindana. Makundi yote matatu yaliongeza hatua. Walioshindana waliongoza, wakiwazidi wasiocheza kwa hatua 920 kwa siku, na mchezo ulipokwisha ni wao tu waliobaki na ziada ya maana kwa wiki 12 zilizofuata.

Ushindani una sumu yake pia. Strava, iliyoanzishwa 2009, ilijijengea jina kwa kukata barabara vipande na kumvisha taji aliyekipita kipande haraka kuliko wote. Mwaka 2010 mwendesha baiskeli mmoja alikufa kwenye mteremko karibu na Berkeley, California, akijaribu kurudisha taji lake. Familia yake ilishtaki kampuni, na kesi ikatupwa 2013. Nchini Kenya taji la kasi lina kasoro nyingine, ya kuchekesha kidogo: mkimbiaji wa Jumamosi anayetoka Nairobi kwenda kufanyia mazoezi Iten au Ngong anashindanishwa na watu wanaokula kwa miguu yao. Mwaka 2020 Strava iliongeza heshima ya aina tofauti, inayokwenda kwa aliyepita kipande mara nyingi zaidi ndani ya siku 90, bila kujali kasi. Badiliko hilo dogo la hesabu lilimfungulia mlango mtu wa kawaida, kwa kuwa uvumilivu hauhitaji mapafu ya bingwa.

Vipi kuhusu fedha? Programu ya STEPN iliwalipa watumiaji sarafu ya kidijitali kwa kutembea, mradi kwanza wanunue kiatu cha kidijitali. Mwishoni mwa Aprili 2022 sarafu yake ya GST iliuzwa kwa zaidi ya dola 7. Kabla ya mwaka kwisha ilikuwa chini ya senti 10, kwa sababu malipo ya waliotangulia yalitegemea wageni waendelee kununua viatu. Carrot Rewards ya Kanada, iliyotoa pointi za sinema na safari za ndege kwa ufadhili ambao sehemu yake kubwa ilitoka serikalini, ilikuwa na watumiaji zaidi ya milioni 1 ilipofungwa Juni 2019 baada ya kuishiwa.

Kiasi kikubwa cha fedha hakikuhitajika hata hivyo. Jaribio lililochapishwa 2021 katika jarida la *Nature*, likihusisha wanachama 61,293 wa kampuni moja kubwa yenye kumbi nyingi za mazoezi nchini Marekani, lililinganisha mbinu 54. Iliyoshinda zote ilitoa nyongeza ya pointi zenye thamani ya takriban senti 9 za dola kwa mtu aliyekosa siku moja kisha akarudi. Mbinu nyingi ziliacha kufanya kazi wiki 4 za jaribio zilipokwisha.

Matokeo hayo yanachora ramani ya programu inayoweza kudumu Shauri Moyo. Lengo lianze na wastani wa mtu mwenyewe, ili mama anayeuza mitumba akiwa ameketi asilinganishwe na mchukuzi anayemletea mzigo. Kundi liwe la watu wachache wanaojuana, na hilo tayari lipo: chama, ambapo kila mmoja anajua nani hajaleta mchango wa wiki. Pointi zitolewe Jumatatu na zipunguzwe, na tuzo kubwa iwe ya kurudi baada ya kukosa. Ramani ya njia ifichwe kwa wasio wanachama. Januari 2018 dunia iliona jinsi ramani ya pamoja ya Strava ilivyoanika njia za wanajeshi kambini, na mwanamke anayepita uchochoro uleule kila alfajiri ana sababu nzito zaidi ya kutotaka ijulikane. Mwisho, hesabu ifanyike ndani ya simu bila intaneti na kutumwa mara moja kwa siku, maana mtumiaji atakayelazimika kuchagua kati ya bando la pointi na bando la WhatsApp ataifuta programu kabla Jumatatu ya pili haijafika.