Wagonjwa Wawili wa al-Fula

Tarehe 1 Mei 1187, kijana mmoja alitumwa na bwana wake aingie katika ngome ya al-Fula, kwenye tambarare za Galilaya, akaulize kulikoni. Nje ya ngome hema za Watempla zilikuwa zimesimama, lakini hapakuwa na mtu. Kijana akaingia, akapita juu na chini akiita, asijibiwe. Mwishowe akakuta wagonjwa wawili wamelala chumbani. Akawauliza wenzao wako wapi. Hawakuwa na la kumwambia. Akatoka, akamweleza bwana wake alichokiona.

Kijana huyo aliitwa Ernoul, na bwana wake alikuwa Balian wa Ibelin, mmoja wa wakubwa wa ufalme wa Yerusalemu uliokuwa ukitawaliwa na Wakristo kutoka Ulaya. Jina la Ernoul tunalijua kwa sababu ya tukio hili tu. Tarikhi ya Kifaransa cha kale inayohusishwa naye inamtaja mara moja, hapo hapo kwenye ngome tupu, ikasema kwamba ndiye aliyefanya habari hizi ziandikwe. Kisha hatajwi tena.

Nimekaa na kurasa hizo chache karibu mwaka mzima, kwa sababu tasnifu yangu ya uzamili inalinganisha namna tarikhi za Vita vya Msalaba na tendi zetu za Kiswahili zinavyosimulia vita. Katika makala hii nataka kuzisifu kurasa za Ernoul, halafu nataka kuzilalamikia. Mambo hayo mawili nilidhani hayakai pamoja.

Wengi wetu tulivijua vita hivi kwa filamu. Mimi niliiona Kingdom of Heaven, ya Ridley Scott ya mwaka 2005, sebuleni kwa mjomba, katika zile DVD zilizobanwa filamu nane kwa sahani moja. Humo Balian ni Orlando Bloom. Jeshi la Yerusalemu linatoka kwenda kupigana na Salahuddin. Tukija kuliona tena, ni maiti na ndege wala mizoga. Hilo ndilo pigano la Hattin la tarehe 3 na 4 Julai 1187, lililoufungulia Salahuddin mlango wa Yerusalemu. Wapo wanaoisifu filamu kwa kutotuonyesha pigano lenyewe, na mimi sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni kwamba filamu haina mwezi wa Mei. Ukiitazama, utadhani jeshi lile liliangamia kwa sababu mfalme alikuwa mpumbavu na mkuu wa Watempla alikuwa mwenda wazimu, basi. Anayeijua tarikhi ya Ernoul atatambua hukumu hiyo imetoka wapi. Waandishi wa filamu walichukua hukumu ya Ernoul, wakaziacha hema zake tupu.

Mwezi wa Mei kulitokea nini? Ufalme ulikuwa umegawanyika. Mfalme Guy wa Lusignan hakuelewana na Raymond wa Tatu, mtawala wa Tripoli, ambaye kwa ndoa alikuwa pia bwana wa Tiberia. Raymond alikuwa amefunga suluhu yake mwenyewe na Salahuddin. Mwishoni mwa Aprili, al-Afdal, mwana wa Salahuddin, akamwomba ruhusa ya kupitisha kikosi katika ardhi yake. Raymond akabanwa huku na huku: akikataa anavunja suluhu, akikubali anaonekana msaliti. Kwa mujibu wa tarikhi alikubali kwa masharti. Kikosi kivuke baada ya jua kuchomoza, kirudi kabla halijazama, na kisiguse mji wala nyumba. Kisha akatuma wajumbe kuwaonya watu wa Galilaya wakae ndani siku nzima.

Onyo hilo ndilo lililoleta mapigano. Lilimfikia Gerard wa Ridefort, mkuu wa Watempla, ambaye alikuwa njiani kwenda Tiberia pamoja na ujumbe wa mfalme uliotumwa kupatana na Raymond. Gerard alipojua kikosi cha Salahuddin kitapita kesho yake, hakukaa ndani. Aliita Watempla waliokuwa karibu, wakaja kiasi cha 90, akaongeza wapanda farasi 40 wa mfalme kutoka Nazareti. Jumla hawakufika 150, ukiacha askari wa miguu. Wakakikuta kikosi karibu na chemchemi ya Cresson, kikiongozwa na Muzaffar al-Din Gökböri, mmoja wa makamanda wazoefu wa Salahuddin. Tarikhi inasema adui walikuwa 7,000, idadi ambayo wanahistoria wengi wanaona imetiwa chumvi, lakini hakuna anayebisha kwamba walikuwa wengi mno. Roger wa Moulins, mkuu wa shirika la Hospitali, alishauri warudi. Jacquelin wa Mailly, Mtempla mwenye heshima, alishauri hivyo hivyo. Gerard akamdhihaki Jacquelin kwamba anakipenda mno kichwa chake chenye nywele za dhahabu. Wakashambulia. Roger akauawa, Jacquelin akauawa, na katika Watempla wote waliopona ni Gerard na wenzake watatu.

Balian alitakiwa awe katika msafara ule. Alichelewa Nablus kwa shughuli zake, akasafiri usiku ili awafikie wenzake, na njiani akakumbuka kwamba kulikuwa kunapambazuka sikukuu. Akageuza kuingia Sebastiya, akazungumza na askofu hadi alfajiri, akasali misa, ndipo akaendelea. Ndiyo maana alipofika al-Fula alikuta hema hazina watu, na ndiyo maana Ernoul aliishi akasimulia.

Sasa nieleze ninachokisifu. Waandishi wengi wa zama zile wakifika kwenye mapigano huwa na kila kitu tayari: idadi, maneno ya mwisho ya mashujaa, dalili kutoka mbinguni. Mwandishi mwingine wa Kilatini anamvika Jacquelin utukufu wa shahidi, hata adui wakamdhania ni Mtakatifu Georgi kwa farasi wake mweupe. Ernoul kwenye ngome hana chochote cha namna hiyo. Anaandika kwamba aliita na hakujibiwa. Anaandika kwamba wagonjwa hawakuweza kumwambia kitu. Hii ndiyo kazi ya mtu wa doria: kusema umefika wapi, umeona nini na hujaona nini. Anayesoma anajua zaidi ya kijana yule, anajua kwamba wenye hema wamekwenda kufa, na bado anamfuata chumba kwa chumba akitumaini pengine kuna mtu. Nimesoma riwaya nyingi za vita ambazo hazijanitia hofu kama mistari ile.

Kwa kuwa nilimwamini kwenye ngome, nilimwamini pia kwenye chemchemi. Katika sura yangu ya kwanza niliandika kurasa 11 juu ya kiburi cha Gerard, na ile dhihaka ya nywele za dhahabu niliiweka juu kabisa. Msimamizi wangu aliisoma, akapigia mstari sentensi hiyo, akaandika pembeni neno moja: “Nani?” Nilipokwenda ofisini kwake kuuliza ana maana gani, akaniambia, “Mwanangu, nani alikuwepo?”

Nilirudi chumbani nikahesabu. Balian hakuwepo. Ernoul hakuwepo. Jacquelin na Roger walikufa siku ile. Walioweza kuyasikia maneno yale wakaishi ni Gerard mwenyewe, Watempla watatu, na labda mateka wachache. Gerard asingejisimulia vibaya hivyo. Basi maneno hayo yamefika kwenye tarikhi kwa njia ya mdomo, kutoka mtu hadi mtu, na yamefika yakiwa yamekamilika kama maneno ya jukwaani. Pengine yalisemwa. Lakini hayana uzito sawa na wagonjwa wawili, na mimi nilikuwa nimeyapa uzito zaidi kwa sababu yalinifaa.

Halafu kuna suala la masharti ya Raymond. Tarikhi inasisitiza kwamba kikosi kiliyatimiza: kilivuka na kurudi ndani ya mchana, hakikugusa nyumba, na kikapita mbele ya Tiberia na vichwa vya Watempla juu ya mikuki huku Raymond akitazama. Picha ni ya kutisha, lakini kazi yake ni kumtetea Raymond: yeye alitoa ruhusa ya matembezi, Gerard ndiye aliyeleta damu. Ukimfungua Ibn al-Athir, mwanahistoria mkubwa wa Kiislamu aliyekuwa na umri wa miaka ishirini na kitu wakati huo, unapata habari nyingine. Kwake kikosi kilitumwa kushambulia upande wa Akka, kikapigana, kikateka nyara, kikarudi salama kupitia Tiberia bila Raymond kupinga. Ibn al-Athir hana sababu ya kumsingizia Raymond. Kwake huo ni ushindi tu. Lakini akiwa sahihi, matembezi ya amani hayakuwahi kuwepo, na Gerard, pamoja na upumbavu wake wa kushambulia, alikuwa anakwenda kuzuia uvamizi katika nchi ya mfalme wake.

Kwa nini haya yana maana, ikiwa waliokufa Cresson walikuwa kiasi cha mia moja na kitu na waliokufa Hattin ni maelfu? Jibu la kawaida ni la hesabu. Ufalme mzima uliweza kutoa takriban wapanda farasi 1,200 wenye silaha kamili. Kupoteza zaidi ya 100 miezi miwili kabla ni pigo. Hesabu hiyo ni sahihi. Ila hasara kubwa zaidi, nadhani, ilionekana usiku wa tarehe 2 Julai.

Wakati huo Raymond alikuwa ameshapatana na mfalme, kwa aibu ya Cresson, na jeshi lote lilikuwa limepiga kambi Saffuriya, penye maji ya kutosha. Salahuddin alikuwa amevuka Yordani, akaweka kambi Kafr Sabt, akajaribu kuwavuta watoke, hawakutoka. Ndipo akaushambulia mji wa Tiberia. Mke wa Raymond, Eschiva, akajifungia katika ngome ya ndani. Katika baraza Raymond mwenyewe, ambaye mji ni wake na mke ni wake, alisema wasiende. Tiberia ipotee, jeshi libaki penye maji. Mfalme akakubali. Usiku, tarikhi inasema, Gerard akaenda hemani kwa mfalme peke yake, akamwambia asimsikilize msaliti. Asubuhi jeshi likaondoka. Njia ya kwenda Tiberia ilizidi kilomita 20, katika joto la Julai, na wapiga mishale wa farasi wa Salahuddin waliwauma mkiani mchana kutwa mpaka wakalala bila maji. Kesho yake yakawa ya Hattin.

Ushauri wa Raymond ulikuwa sahihi, na haukusikilizwa kwa sababu ya nani aliyeutoa. Mapigano ya Mei yalikuwa yamemchafulia jina kiasi kwamba hata ukweli ukitoka kinywani mwake ulinuka hila. Hilo filamu isiyo na Mei haiwezi kulionyesha. Inabaki na mtu mwema anayesema kweli na wabaya wanaokataa kusikia, wakati historia ilikuwa na mtu mwenye doa akisema kweli. Ernoul naye, kwa kumsafisha Raymond mno, anatupunguzia msiba ule ule anaotaka tuuone. Kama Raymond hakuwa na kosa lolote, kutosikilizwa kwake ni upumbavu wa wengine tu. Kama alikuwa na kosa, ndipo tunapoanza kuelewa kwa nini watu wenye akili timamu waliyaacha maji.

Hapa ndipo tendi zetu zinaponirudia. Utendi wa Tambuka wa Mwengo wa Athumani, wa mwaka 1728, unasimulia vita vikubwa kati ya Waislamu na jeshi la Herekali, mfalme wa Rumi. Msafara wa Tabuk wa mwaka 630 uliomo nyuma ya utendi huo uliisha bila pigano kubwa. Mshairi alihitaji pigano, akalipata. Simlaumu, utendi una ahadi zake kwa msikilizaji, na msikilizaji wa Pate hakuja kusikia habari za jeshi lililorudi nyumbani. Lakini tarikhi inatoa ahadi nyingine, na Ernoul ametia saini ahadi hiyo katika ukurasa mmoja tu, ule ambao hakupata pigano wala shujaa.

Kwa hiyo nimezifuta zile kurasa 11. Sura mpya inaanza na hema, kisha inawaweka Ernoul na Ibn al-Athir pamoja bila kuwalazimisha wakubaliane, na dhihaka ya nywele za dhahabu imeshushwa chini, nikieleza ni nani wangeweza kuisikia. Msimamizi amesema sura imepungua utamu. Ni kweli. Nilipokuwa naandika ile ya kwanza nilijihisi nimo ndani ya mapigano, nikijua nani mbaya na nani mzuri. Sasa nimebaki na kijana aliyesimama mlangoni mwa chumba, na wagonjwa wawili ambao hata majina yao hayakuandikwa. Aliwauliza, hawakuwa na jibu, na akaacha iandikwe hivyo hivyo.