Mkatoliki wa Uganda Aliyeshika Njia ya Buddha

Kitabu tunachotaka kukipima hapa kimeandikwa na jirani yetu. Ng'ambo ya Ziwa Albert, katika nchi ya Mashahidi wa Uganda, alizaliwa mwaka 1966 Steven Kaboggoza, akalelewa katika dini ya kikatoliki. Leo anaitwa Bhante Buddharakkhita, naye ni mtawa wa Buddha. Kitabu chake, Planting Dhamma Seeds, kilitoka kwa Kiingereza mwaka 2006. Maana ya jina hilo ni kupanda mbegu za Dhamma, yaani za mafundisho ya Buddha, na shamba lenyewe ni Afrika yetu.

Pengine msomaji atauliza kwa nini tumsumbue na habari za Buddha hapa Bunia, mahali tunaposhughulika zaidi na masekta na mambo ya uchawi. Lakini askari wa Nepal, nchi ya Lumbini alikozaliwa Buddha, tuliwaona Ituri kwa macho yetu katika magari meupe ya MONUC. Wengi wao walikuwa Wahindu, ni kweli. Hata hivyo dunia imekuwa ndogo, na Entebbe si mbali.

Habari yenyewe ni fupi. Mwaka 1990 kijana huyo alikwenda Uhindi kusoma chuo kikuu. Huko alikutana na watawa vijana kutoka Thailand, wanafunzi kama yeye. Hawakumshinda kwa mabishano. Alikuwa rafiki yao kwanza, kisha akajifunza kukaa kimya na kufuata pumzi yake. Mwaka 2002 alipokewa katika utawa huko California, kwa mkono wa mwalimu wa Birmania, U Silananda. Na mwaka 2005 alianzisha nyumba ya Wabuddha karibu na Entebbe. Baadaye mama yake mzazi naye akavaa vazi la kitawa la Wabuddha. Watu walivyolishangaa vazi hilo na bakuli lake la kuombea chakula, hayo yanachekesha, nasi tumeyasoma kwa furaha. Lakini tungalipenda mwandishi atueleze kwa urefu zaidi aliachana namna gani na sala za utoto wake. Mtu haondoki nyumbani kwao bila kutazama nyuma.

Wako mapadri watakaosema: aliondoka kwa sababu hakufundishwa vizuri. Jibu hili ni jepesi mno. Huyu hakutafuta fundisho jingine tu. Alitafuta mtu wa kumwonyesha, siku kwa siku, namna ya kutuliza moyo wake. Je, Eklezia haina ujuzi huo? Inao, tena ulikomaa katika Afrika, kwa Antoni na wazee wa jangwa la Misri. Lakini tumeufungia katika monasteri. Mkristu wa kawaida tunampa amri, rozari, nyimbo na ngoma, vitu vyema vyote. Ukimya hatumpi, na kwa kweli hata katika misa zetu anaukosa.

Msomaji asikimbilie kusema kwamba jina la kitabu limeibwa katika Injili, katika mfano wa mpanzi. Katika maandiko ya zamani ya Wabuddha, Buddha mwenyewe anajilinganisha na mkulima mwenye mbegu na jembe. Mkulima yuko kila mahali.

Sasa tufike penye uzito. Buddha anafundisha kwamba mateso yanatoka katika tamaa. Sisi watu wa Ituri hatuwezi kumcheka: tumeona dhahabu ya Mongbwalu ilivyogombaniwa kwa damu. Lakini mateso ya yule ambaye hakutamani kitu, yametoka wapi? Wabuddha wanasimulia habari za Kisa Gotami, mama aliyebeba mtoto wake aliyekufa akitafuta dawa. Buddha akamtuma alete mbegu za haradali kutoka nyumba ambayo hakijaingia kifo. Hakuipata, naye akafahamu kwamba watu wote hufa. Tunaiheshimu hekima hiyo. Lakini katika Bunia ya mwezi wa Mei 2003 mama huyo asingalipata nyumba kwa sababu nyingine. Watu waliokimbilia parokia ya Nyakasanza, na mapadri wawili waliouawa pale, hawakufa kwa kuwa kila mtu hufa. Waliuawa. Damu yao inadai hakimu, tena inadai ufufuko. Yezu alilia mbele ya kaburi la Lazaro kwa kuwa alimpenda, wala upendo ule haukuwa tamaa ya kung'olewa. Hapa njia zetu zinaachana, na urafiki wowote usifiche jambo hilo.

Lakini kuna lingine, nalo linatuuma. Watawa wa shule ya Buddharakkhita wanafanya zoezi liitwalo metta, yaani kutakia mema. Mtu anakaa kimya, anajitakia mema mwenyewe. Kisha anamtakia mema mtu ampendaye. Kisha mtu asiyemjali. Mwisho adui yake. Anarudia kila siku, miaka na miaka. Yezu ametuamuru kuwapenda adui zetu, nasi tunaitangaza amri hiyo kwenye mimbari. Ni nani anayetuonyesha hatua zake? Wahema na Walendu waliouana walikuwa na wabatizwa wengi kati yao.

Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika Nostra Aetate ya tarehe 28 Oktoba 1965, umesema Eklezia haikatai lolote lililo kweli na takatifu katika dini hizo. Barua ya Roma ya Oktoba 1989 juu ya namna za kutafakari inaonya kwamba sala ya mkristu ni mazungumzo na Mungu, wala utulivu wa mwili si sala yenyewe. Tunayakubali yote mawili. Basi mwalimu wa maisha ya kiroho katika seminari akisome kitabu hiki, hali maandishi ya Kasiano yako wazi mezani pake. Kisha amketishe mseminari nusu saa mbele ya Sakramenti, bila kitabu, bila wimbo, akimtaja mbele ya Bwana, kwa jina lake, yule aliyechoma nyumba ya baba yake.