Utu si Hisani: Msamiati wa Wema katika *Utubora Mkulima*

Ni rahisi kwa mhakiki wa *Utubora Mkulima* ya Shaaban Robert kuyachukulia maneno utu, ukarimu na hisani kuwa visawe. Makala haya yanapinga usawazishaji huo. Ukarimu na hisani, maneno yenye asili ya Kiarabu, huhitaji mtoaji na mpokeaji. Leo “kwa hisani ya” hutangulia hata jina la mdhamini wa kipindi cha redio. Utu, unaoundwa kwa kiambishi u- na mzizi -tu, hautegemei kutoa. Asiye mkarimu huitwa mchoyo. Asiye na utu hutiliwa shaka kuwa mtu. Ndiyo maana Utubora anaacha kazi ya mjini akalime, si agawe mali. Kumsoma kama mfadhili ni kuugeuza wajibu wake kuwa upendeleo.