Nyama, Ndizi na Kura: Kukisoma Tena Kitabu cha Habari za Wakilindi

Watu wengi wakizungumza juu ya demokrasia ya nchi yetu huanza hesabu katika mwaka 1992, sheria iliporuhusu vyama vingi. Wengine hurudi nyuma hadi 1961, tulipojitawala. Hiyo ni miaka ya sheria, nayo ina heshima yake. Walakini fikira ya kuwa mtawala hana budi kumjibu mtawaliwa haikuletwa nchini kwa meli, wala haikungoja karatasi ya kura. Katika milima ya Usambara fikira hiyo ilikuwa na maneno yake ya zamani, na bahati yetu ni kwamba habari zake zilipata kuandikwa kwa Kiswahili kizuri wakati wazee waliozikumbuka wangali hai. Twakusudia Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi, kilichopigwa chapa kwanza na wamisionari wa Magila, sehemu baada ya sehemu, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, kikatolewa upya mwaka 1962 kwa uhariri wa J. W. T. Allen. Wanahistoria wamekipekua kitabu hiki kama ghala. Walimu wa lugha wamekisifu kwa ufasaha wake. Sisi twataka kukisoma kama kitabu cha siasa, na kumwuliza mwandishi wake swali moja: mtu wa kawaida ana nguvu gani mbele ya mkubwa wake, na nguvu hiyo hutoka wapi?

Msomaji aliyezaliwa Lushoto hahitaji kusimuliwa hadithi ya Mbegha, lakini taifa ni kubwa, basi tuisimulie kwa ufupi. Mbegha alitoka Nguu. Alikuwa kigego, yaani aliota meno ya juu kwanza, na jamaa zake wakamnyima urithi kwa sababu hiyo. Akawa mwindaji wa nguruwe, mtu wa mwitu na mbwa wake. Alikaa Kilindi, akakimbia huko baada ya mtoto wa mkubwa wa mji kufa katika mawindo waliyokwenda pamoja, akapita Zirai, akafika Bumbuli, na mwisho Vugha, ambako baada ya kuua simba watu walimfanya mkubwa wao, wakamwita Simba Mwene. Hakuja na jeshi. Alichokuwa nacho ni nyama. Nguruwe walikuwa wakiharibu mashamba. Yeye aliwaua, akawagawia watu nyama, nao wakampa chakula cha shamba. Kisha wakamletea mashauri yao, akayaamua, nao wakaridhika na hukumu zake. Ukubwa wake ulianzia hapo.

Tukilinganisha habari hii na ile ya Kilwa, twaona tofauti ya kuvutia. Wasimulizi wa Kilwa husema kwamba mtawala wa kwanza alikinunua kisiwa kwa nguo. Nguo hutolewa mara moja, na mwuzaji akishaipokea hana dai tena. Nyama ya Mbegha haikuwa bei ya namna hiyo. Ililiwa ikaisha, na siku ya pili mwindaji alipaswa kwenda tena mwituni, kama vile mwenye mgomba alivyopaswa kukata mkungu mwingine. Huu ulikuwa mkataba wa kila siku, na kila upande uliweza kuuvunja kwa kukaa kitako tu.

Lakini mhakiki asiwe mwepesi wa kusadiki. Jamaa za watawala karibu pote duniani hupenda kusema kwamba waliitwa na watu. Hapana anayejisifu kuwa aliingia kwa kuvunja mlango. Abdallah bin Hemedi aliishi miaka mingi miongoni mwa Wakilindi, akawatumikia, akawapenda, na kitabu chake ni kitabu cha baraza la wakubwa. Watu wa Vugha husema ndani yake pale tu wanapomsifu mkubwa, wanapomlilia, au wanapomwasi. Haielezwi jioni yao nyumbani wakipima kama mkubwa huyu yungali afaa. Hiyo ndiyo kasoro kubwa ya kitabu hiki kizuri, na twaitaja bila kumdharau aliyetuachia hazina asiyelazimika kutuachia.

Kwa bahati, yale aliyoyaacha yalihifadhiwa katika Kishambaa chenyewe. Wazee wa milimani husema juu ya kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na juu ya kubana shi, yaani kuiharibu. Mtawala huhukumiwa kwa maneno hayo mawili. Mvua ikinyesha na migomba ikizaa, nchi imepona. Njaa ikiingia, watu huuliza wakubwa wanagombania nini. Kuna na neno la tatu, nguvu kwa nguvu, wenye uwezo wawili wanaposhindana na hapana anayemzidi mwenziwe, nchi ikafa katikati yao. Mtu wa mjini aweza kuyacheka haya akayaita imani za mvua. Sisi twayaona kuwa kipimo cha serikali kilicho kigumu kuliko vingi vilivyomo vitabuni, maana hakimwulizi mtawala alipatapata vipi kiti, humwuliza shamba la jirani lina nini.

Sehemu ya kitabu iliyotufunza zaidi ni ile ya baada ya kifo cha Kimweri ye Nyumbai, mwaka 1862. Kimweri alitawala muda mrefu akiwa Vugha, mlimani, na alikula vilivyotoka mlimani. Mwanawe Semboja alikaa Mazinde, chini kwenye tambarare, njia ya misafara ilipopita. Huko alipata bidhaa, bunduki na baruti. Yafuatayo yalikuwa vita baina ya Semboja na Shekulwavu, mjukuu wa Kimweri aliyerithi kiti, na ule uasi wa Wabondei uitwao Kiva, uliowafukuza Wakilindi katika Bonde. Mwandishi anauona msiba huu kuwa ugomvi wa ndugu na ukosefu wa adabu wa raia. Ugomvi ulikuwapo, hatukatai. Lakini lipo jambo analolisimulia pasipo kulitamka: mkubwa wa Mazinde hakuihitaji tena ndizi ya mtu wa mlimani. Bunduki zake zilitoka pwani, na watu wa milimani na wa Bonde wakawa wenyewe bidhaa, wakikamatwa na kuuzwa. Mkataba wa nyama na ndizi ulikufa siku mtawala alipopata chakula chake mahali pengine. Tangu hapo mwenye shamba aliweza kukaa kitako atakavyo, na mkubwa asijali.

Kwa maoni yetu huu ndio ufunguo, na hufungua milango mingi ya baadaye. Wakoloni walipowafanya machifu kuwa watumishi wa mshahara, chifu alilipwa na Boma, akaisikiliza Boma. Katika bonde la Mlalo tangu 1946, na baadaye sehemu nyingine za Usambara, ilitolewa amri ya kulima kwa matuta ili kuhifadhi udongo. Udongo ulikuwa unamomonyoka kweli; wataalamu hawakusema uongo. Lakini amri ilishuka kwa njia ya chifu, ikiwa na adhabu nyuma yake, na kazi ngumu ya jembe katika miteremko ile ikawaangukia sana wanawake, ambao hapana aliyewauliza. Watu wakakataa, TANU ikapata masikio milimani, na mpango ukaachwa kabla ya Uhuru. Utawala wa machifu nao ukafutwa nchini kote kwa sheria ya 1963. Katika miaka ya 1980 mradi mwingine wa hifadhi ya udongo ulipokuja Lushoto na kuzungumza na wakulima, wengi walipanda majani ya gwatemala kwenye kingo za mashamba yao wala hawakuona aibu. Udongo ni ule ule na mteremko ni ule ule.

Hapa twataka kusimama kidogo kwenye lugha, maana ndiyo kazi yetu ya jioni baada ya mafaili ya mchana. Neno raia tumelipokea kutoka Kiarabu, na asili yake ni kundi linalochungwa. Mwananchi ni neno letu wenyewe, mtoto wa nchi, na mtoto ana haki ya kuuliza nyumbani kwake. Siasa, katika Kiswahili cha wazee, ni upole na utaratibu: mtu huambiwa amwendee mgonjwa kwa siasa. Na kura zamani ilikuwa bahati. Watu walipiga kura ili uamuzi uondoke mikononi mwa binadamu asilaumiwe mtu. Leo tumeligeuza neno hilo liwe jina la uamuzi wenyewe. Mageuzi hayo ya maana si madogo, na hatuna hakika kwamba mioyo yetu yote imeyafuata. Bado wako wapigao kura kama wanaotupa kete, kisha wakasema, ndivyo ilivyoandikwa.

Mshairi mkuu wa Tanga, Shaaban Robert, naye mtumishi wa serikali, alilitazama jambo hili katika Kusadikika. Karama ashitakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria. Mashtaka yatoka kwa waziri Majivuno. Naye ajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nchi za mbali wakarudi na mema, wakalipwa kifungo. Twakipenda kitabu hiki, na tumekisoma mara nyingi kuliko twezavyo kuhesabu. Hata hivyo, twamlaumu mwalimu wetu kwa mwisho wake. Mfalme asikia, ashawishika, asamehe. Je, angeziba masikio? Karama hana cha kuzuia. Hana mkungu wa ndizi wa kutoukata. Ana maneno tu, nayo ni maneno mazuri kabisa, na sisi tulioandika barua nyingi za serikali twajua jinsi maneno mazuri yanavyoweza kujibiwa kwa sentensi moja, kwamba suala lako linashughulikiwa. Katika hili mwandishi wa Wakilindi, asiye na nia ya kufundisha demokrasia, amemshinda mwanafalsafa.

Taifa letu limejaribu kumpa Karama kitu cha kushika. Uchaguzi wa 1965 ulikuwa wa chama kimoja, lakini katika majimbo mengi watu waliwekewa wagombea wawili, mmoja na alama ya jembe, mwingine ya nyumba, na baadhi ya mawaziri, akiwamo Paul Bomani wa fedha, wakaanguka. Tume ya Jaji Nyalali ilipokusanya maoni mwaka 1991, karibu watu wanane katika kila kumi walitaka chama kimoja kiendelee. Juu ya hayo Tume ikapendekeza vyama vingi, na Serikali ikakubali. Wako wanaosema mpaka leo kwamba hapo wengi hawakusikilizwa. Sisi twaona kwamba wachache walisikilizwa, na hilo ni gumu zaidi kutokea. Lakini kura huja mara moja kwa miaka mitano. Katikati yake mtawala anakula wapi?

Ndiyo maana twarudi milimani, safari hii Mponde, mwendo si mrefu kutoka Bumbuli ile ya Mbegha. Mponde pana kiwanda cha chai kilichojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa ajili ya wakulima wadogo. Wakati wa kubinafsisha mashirika ya umma kiliondoka mikononi mwa Mamlaka ya Chai, kikaendeshwa kwa ubia wa chama cha wakulima na mwekezaji. Chai haina subira. Majani mawili na chipukizi lake yakichumwa asubuhi hayana budi kufika kiwandani siku ile ile, yasije yakaungua kikapuni. Kwa hiyo kiwanda humhitaji mkulima kila siku ya Mungu, na mkulima naye hukihitaji kiwanda vivyo hivyo, kwa kuwa jani bichi haliliwi. Huu ni mkataba wa nyama na ndizi wenyewe hasa, umerudi kwa mizani na risiti.

Ukavunjika. Wakulima walilalamika juu ya bei na juu ya uendeshaji, wakadai kwamba kiwanda chao si chao tena, na mwaka 2013 kikafungwa. Mwaka 2016 Serikali ilikitwaa, na baadaye ikakikabidhi kwa mifuko ya umma ya wafanyakazi ili kifufuliwe. Baina ya miaka hiyo, asiyejua chai angedhani mashamba ya Mponde ni msitu mpya: mchai usipochumwa hurefuka ukawa mti. Watoto walikosa ada. Hatusemi nani alikuwa na haki katika kila dai. Wako waliolichunguza kwa kazi yao. Twasema tu kwamba wakulima walitumia nguvu ile ile aliyokuwa nayo mtu wa Vugha mbele ya Mbegha, nayo ikawaumiza kwanza wao. Mzee wa Kishambaa angelitambua mara moja: nguvu kwa nguvu.

Kilichokosekana hakikuwa ujasiri wala haki ya kisheria ya kukutana. Chama cha wakulima kilikuwapo, viongozi walikuwapo, na wanavijiji hawakuwa mabubu. Kilichokosekana ni baraza ambalo mwuliza swali hurudi kwalo kuchukua jibu lake, na jibu likaandikwa mbele yake. Mbegha aliamua mashauri. Tukumbuke kwamba kitabu kinalitaja jambo hilo sambamba na nyama. Nyama peke yake ingemfanya mwindaji mkarimu tu.

Abdallah bin Hemedi alituandikia habari za wakubwa kwa sababu alikaa nao. Habari za waliokata ndizi na waliochuma chai bado hazijapata mwandishi, ingawa malighafi yake ipo: mihutasari ya mikutano mikuu ya vijiji, iliyoandikwa katika daftari za shule, kwa wino uliopauka, ikionyesha akidi, jina la aliyeuliza, na mara nyingine, si mara zote, jina la aliyejibu. Daftari hizo hukaa katika makabati ya ofisi za vijiji mpaka mchwa azimalize au afisa mpya azitoe nje kupata nafasi. Tungependa kuona Idara ya Nyaraka ikizikusanya kuanzia Mponde, kabla ya masika mengine.